Chenga na Jicho: Historia ya Kuuelewa Ujuzi wa Mchezaji

Mpira wa penalti huwekwa karibu meta 11 kutoka golini. Ukipigwa kwa kasi ya meta 25 kwa sekunde, kasi ambayo si ya ajabu kwa mchezaji wa ligi, hufika mlangoni kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo mlinda mlango hutakiwa aone, aamue, kisha autupe mwili wake hadi kwenye mwimo. Binadamu huhitaji karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuitikia hata ishara iliyo rahisi kabisa, kama taa inayowashwa. Na kuruka kwenyewe hudai muda mrefu kuliko huo unaobaki. Kwa hesabu hiyo, penalti iliyopigwa vizuri pembeni haiokoki kwa mtu anayengoja kuona mpira umeelekea wapi. Hata hivyo penalti huokolewa, na wako walinda mlango wanaoziokoa mara nyingi mno kuliko wenzao hata isiwezekane kusema wamebahatika tu.

Mazungumzo ya kando ya uwanja, Butembo na Beni kama kwingineko, yana jibu fupi: ana kipawa. Jibu hilo lina heshima ndani yake, lakini lina hatari pia. Kipawa ni kile mtu alichopawa. Aliyepewa hana sifa ya kukitafuta, na aliyenyimwa hana njia ya kukipata. Wakati wa ukoloni kauli za namna hiyo zilitumika kumsifu Mwafrika kwa mwili wake na papo hapo kumnyima akili: anakimbia vizuri kwa maumbile, anaruka vizuri kwa maumbile, wala hajui alifanyalo. Kwa hiyo swali la mlinda mlango si la wapenzi wa kandanda peke yao. Ni swali kama mwili uliofuzu una maarifa. Na ikiwa unayo, yaliingiaje humo.

Jibu la kwanza la wanasayansi halikuwa mbali na lile la kando ya uwanja. Mwaka 1921 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walimpima Babe Ruth, mpigaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, wakamkuta ana wepesi wa kuitikia uliozidi wastani wa watu. Magazeti yakashangilia kwamba siri imepatikana, nayo imo katika mishipa ya fahamu. Fikra hiyo iliishi muda mrefu. Udhaifu wake ulidhihirika pale vipimo viliporudiwa kwa wanamichezo wengi: tofauti ya wepesi wa kuitikia taa au kengele, baina ya bingwa na mtu wa kawaida, mara nyingi ilikuwa ndogo, tena haikuweza kueleza pengo kubwa linaloonekana mchezoni. Bingwa aliyetolewa uwanjani na kuketishwa mbele ya taa alikuwa mtu kama watu.

Wakati huohuo, mjini Moscow, swali lilikuwa limeshikwa kwa upande mwingine kabisa. Nikolai Bernstein aliajiriwa katika Taasisi Kuu ya Kazi mnamo mwaka 1922 ili achunguze mienendo ya wafanyakazi, na mmoja wa mienendo aliyoichunguza ulikuwa ni ule wa mtu anayepiga patasi kwa nyundo. Alimfunga fundi vitaa vidogo kwenye viungo vya mkono, akampiga picha nyingi mfululizo, kisha akafuatilia njia ya kila kiungo. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio. Ncha ya nyundo ilirudi mahali pamoja pigo baada ya pigo, lakini bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikupita njia moja mara mbili. Kiungo kimoja kilipokosea kidogo, kingine kilifidia. Fundi, basi, hakuwa amekariri mwendo kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Alikuwa amejifunza kulitatua tatizo lilelile upya kila mara. Bernstein aliita hali hiyo kurudia bila kurudia. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1947 kilimpatia Tuzo ya Stalin mwaka uliofuata, na haikuchukua muda akashutumiwa kwamba amemwacha Pavlov, akapoteza kazi. Nchi za Magharibi zilichelewa kumsoma; wengi walianza kumfahamu katika miaka ya 1960, tafsiri zilipotoka, naye akafariki mwaka 1966.

Mkono umeelezwa, lakini jicho bado. Kwa upande wa jicho, hatua ya kwanza haikutoka michezo ya mbio wala ya mpira, bali mchezo wa kukaa. Mholanzi Adriaan de Groot, ambaye naye alikuwa mchezaji wa sataranji, alichapisha mwaka 1946 uchunguzi wake wa jinsi mabingwa wa mchezo huo wanavyofikiri. Wengi walidhani bingwa huona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot hakuona tofauti kubwa katika jambo hilo. Tofauti ilikuwa kwamba bingwa aliyeonyeshwa ubao kwa sekunde chache aliweza kuupanga tena karibu wote kwa kumbukumbu, hali mchezaji wa kawaida alikumbuka vipande vichache tu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Pittsburgh, walirudia jaribio hilo kwa nyongeza moja ya werevu: walivimwaga vipande ubaoni bila mpango wowote. Ubora wa bingwa ukayeyuka karibu wote. Hakuwa na kumbukumbu ya ajabu, basi. Alikuwa na macho yaliyozoea mipangilio yenye maana, na maana ilipoondolewa akarudi kuwa kama wengine.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuikumbuka njia hiyo, kwa kuwa ilifika Zanzibar. Alexander de Voogt alitetea tasnifu yake mjini Leiden mwaka 1995 kuhusu ubingwa wa bao, ule mchezo wa safu nne za mashimo manane na kete 64, akiuliza kwa mabingwa wa bao maswali ambayo de Groot aliyauliza kwa wale wa sataranji. Bao ni gumu kwa namna yake: kete zilizopandwa hubadili ubao mzima, na anayecheza hana budi aufuate mzunguko huo kichwani kabla hajagusa kete hata moja. Wazee wanaokaa barazani wakicheza bao huku wakizungumza mambo mengine wanafanya hesabu ambayo msomi mgeni angeihitajia kalamu.

Katika mchezo wa mwendo, hata hivyo, ubao haukai kimya ukingoja kutazamwa. Njia ya kuuchunguza ilipatikana kwa msaada wa filamu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Uingereza, Jones na Miles, waliwaonyesha watu picha za mchezaji wa tenisi akianzisha mpira, wakazikata mahali mbalimbali: nyingine baada ya raketi kuugusa mpira, nyingine kabla tu ya kuugusa. Kisha wakauliza mpira utaangukia wapi. Hata picha ilipokatwa kabla ya mguso, yaani kabla mpira haujawa na njia yoyote ya kufuatwa, wajuzi walijibu vizuri kuliko wasiojua. Maana yake ni kwamba hawakuwa wakiutazama mpira; walikuwa wakimsoma mtu. Mwaka 1987 Bruce Abernethy wa Australia na mwenzake Russell waliendelea mbele kwa mchezo wa badmintoni. Mara hii hawakukata wakati peke yake. Walificha pia sehemu za mwili wa mpigaji. Wanafunzi waliweza kutumia habari za raketi tu. Wajuzi walitumia raketi pamoja na mkono ulioishika, na mkono husema mapema kuliko raketi. Mwaka 2002 zamu ilikuwa ya walinda mlango: Savelsbergh na wenzake, huko Uholanzi, walifuatilia macho yao mbele ya filamu za penalti. Wasiojua walihangaisha macho, yakatua kifuani, mikononi na nyongani mwa mpigaji. Wajuzi waliyatuliza mahali pachache kwa muda mrefu zaidi, na kadiri mguu ulivyokaribia mpira ndivyo walivyoelekeza macho kwenye mguu unaopiga, mguu unaosimama kando ya mpira, na mpira wenyewe.

Hapa ndipo neno la viwanjani linapostahili kutazamwa kwa makini. Kuchenga ni kumwepa mtu kwa hila, na kumpiga mtu chenga mpirani ni kumfanya aende upande mmoja huku wewe ukienda wa pili. Neno limeenea zaidi Tanzania na Kenya. Katika Kiswahili cha Kivu vijana wengi huutaja mchezo huo kwa kitenzi cha Kifaransa kilichovishwa viambishi vya Kiswahili. Lakini Butembo nako chenga inafahamika, angalau kwa sababu ya redio na wafanyabiashara waendao mashariki. Jamaa zake ni maneno ya mzaha: tobo, mpira unapopitishwa katikati ya miguu ya beki, kanzu, anapovishwa kwa mpira uliorushwa juu ya kichwa chake. Tobo na kanzu hueleza njia ya mpira. Chenga haielezi njia ya mpira hata kidogo. Inaeleza jambo linalotokea katika akili ya mtu mwingine.

Jambo gani? Bega linalala kushoto, mguu unapita juu ya mpira bila kuugusa, na beki anahama. Beki huyo hakudanganywa na mpira, maana mpira haujasogea. Amedanganywa na mwili, kwa sababu amekwisha kujifunza kuusoma: bega likilala hivi, mtu huenda huku. Uongo hausemeki ila katika lugha inayofahamika kwa wawili, na chenga ni uongo unaosemwa kwa lugha ya viungo. Waliolitumia neno hili walikuwa wamekwisha kukubali, bila maabara, kwamba mchezaji hutangulia tendo kwa kuzisoma dalili za mwili. La sivyo pasingekuwa na kitu cha kudanganya. Haitakuwa haki kudai kwamba neno ni nadharia. Neno halipimi, wala halisemi dalili gani husomwa na lini. Ila linaonyesha kwamba jambo lililothibitishwa mwaka 1978 lilikuwa halijajificha kwa waliocheza.

Maabara nayo ilikuja kuifikia chenga. Mwaka 2006 Robin Jackson na wenzake waliwaonyesha wachezaji wa raga filamu za mshambuliaji anayebadili upande, mara kwa kweli na mara kwa hadaa. Wenye ujuzi mdogo walinaswa na hadaa. Wenye ujuzi mkubwa walinaswa mara chache zaidi. Miaka miwili baadaye Salvatore Aglioti na wenzake, huko Roma, walitoa jibu lililo la kusisimua zaidi ya yote. Waliwaonyesha filamu za mitupo huru ya mpira wa kikapu watu wa makundi matatu: wachezaji wa daraja la juu, makocha na waandishi wa michezo, na watu wasiocheza. Wachezaji walitabiri mapema kuliko wote kama mpira utaingia au la, wakisoma mwili wa mtupaji kabla mpira haujatoka mkononi. Makocha na waandishi, waliokuwa wametazama maelfu ya mitupo, walichelewa. Kutazama kunafunza, lakini kutenda kunafunza jicho jambo ambalo kutazama hakulifikii. Wale wanaomfokea beki kutoka kando ya uwanja watapokea habari hiyo wapendavyo.

Wakongo walipewa somo la jambo hili katika mwaka mmoja, 1974, mara mbili, na kila mara dunia ililisoma kwa namna tofauti.

Mwezi Machi mwaka huo timu ya Zaire ilitwaa Kombe la Afrika mjini Cairo, baada ya kutoka sare ya 2–2 na Zambia na kuishinda 2–0 mchezo uliporudiwa. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika fainali hizo, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika fainali moja kwa miaka hamsini iliyofuata. Mwezi Juni timu hiyohiyo, ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia, ilifungwa Ujerumani Magharibi 2–0 na Scotland, 9–0 na Yugoslavia, kisha 3–0 na Brazil. Kilichobaki kichwani mwa watazamaji wa Ulaya si mabao. Ni tukio la tarehe 22 Juni huko Gelsenkirchen: Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, na Mwepu Ilunga anachomoka ukutani na kuupiga mpira mbali kabla yao. Alionyeshwa kadi ya njano, na kwa miaka mingi filamu hiyo ikaonyeshwa kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua kanuni. Mwepu mwenyewe, ambaye alifariki mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba kanuni alizijua vyema na kwamba alifanya kwa makusudi. Hakuna haja ya kulitetea tendo lile kama mchezo mzuri ili kuliona kosa la waliolicheka. Mabeki wa timu bingwa ya bara zima hawafiki huko bila kujua mpira wa adhabu hupigwa na nani. Waliocheka hawakumuuliza, waliutazama mwili na kuhukumu kwamba haukuwa na fikra ndani yake.

Mwezi Oktoba, tarehe 30, kabla ya alfajiri, Muhammad Ali alipanda ulingoni Kinshasa kukutana na George Foreman. Ali alikuwa na umri wa miaka 32, Foreman 25, naye alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton kila mmoja katika raundi mbili. Wepesi wa miguu wa Ali wa miaka ya 1960 ulikuwa umepungua, na kila mtu alijua. Katika raundi ya kwanza alimpiga Foreman mara kadhaa kwa mkono wa kulia bila kuutanguliza wa kushoto. Ngumi ya aina hiyo husafiri mbali na huonekana mapema, kwa hiyo mwanamasumbwi wa daraja hilo haitarajii. Na kisichotarajiwa, hata kikionekana, huchelewa kusomwa. Ilikuwa chenga kwa njia ya kinyume. Kisha, kuanzia raundi ya pili, aliegemea kamba na kuacha apigwe. Mikono ya Foreman ilizunguka kutoka mbali, na kila ngumi ya namna hiyo hujitangaza begani kabla haijafika. Ali aliinamisha kichwa nyuma, akapokea nyingi mikononi na mbavuni, akangoja. Katika raundi ya nane Foreman alikuwa amechoka, akaangushwa. Mwili wa Ali ulikuwa umezeeka kuliko macho yake. Usiku ule dunia haikusema kwamba ni maumbile. Ilisema Ali ana akili. Ni vigumu kutojiuliza kwa nini hukumu ya Gelsenkirchen na ile ya Kinshasa hazikutumia kipimo kimoja.

Linabaki swali la jinsi maarifa hayo yanavyoingia mwilini, na swali hili ndilo linalowahusu zaidi walimu wa Butembo na Beni. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichunguza wanafunzi wa fidla wa Berlin Magharibi wakaona kwamba waliotangulia wenzao walikuwa wamejizoeza kwa makusudi saa nyingi zaidi tangu utoto. Matokeo hayo yalitiwa chumvi sana na waliokuja baadaye, kana kwamba saa zenyewe hufanya kazi bila kujali zimetumiwaje. Richard Masters, huko Uingereza, alikuwa ameonyesha mwaka mmoja kabla yake jambo la kuwatahadharisha makocha: watu waliofundishwa kwa kanuni nyingi za maneno jinsi ya kusukuma mpira wa gofu shimoni waliharibikiwa zaidi walipotiwa hofu kuliko wale waliojifunza bila kanuni kukaa kichwani. Ujuzi wa mwili unaweza kuishi bila maneno, na pengine huishi vizuri zaidi hivyo. Kwa wanaisimu habari hiyo si ngeni sana: mtoto huongea kwa upatanisho wa ngeli ulio sahihi miaka mingi kabla hajasikia kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli.

Butembo, iliyo juu ya meta 1,700 na kilometa chache tu kaskazini ya Ikweta, ni mji wa vilima. Uwanja wa mtaani huko mara chache huwa sawasawa: upande mmoja mpira huteremka, upande wa pili husimama kwenye shimo. Beni, iliyo kilometa zipatazo 54 kaskazini, iko chini zaidi, kuelekea msituni. Katika miji yote miwili watoto wengi wamejifunzia mpira wa kusokota kwa mifuko ya plastiki, makaratasi na nyuzi za migomba, ambao haudundi mara mbili kwa namna moja. Ni desturi kuusikitikia mpira huo kama dalili ya umaskini, na umaskini kweli upo. Lakini kwa macho ya Bernstein, mpira huo na mteremko huo humlazimisha mtoto arudie bila kurudia. Yamkini pia humfundisha kumtazama mpigaji kuliko kuuamini mpira, kwa kuwa mpira wenyewe hauaminiki. Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni, ambazo zote zimewahi kucheza katika ligi ya taifa, zimechota wachezaji kutoka mazingira ya namna hiyo, na kuwaita wachezaji hao wenye kipawa tu ni kuifuta shule waliyopitia.

Shule hiyo, hata hivyo, inahitaji saa, na saa zake ni za jioni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewahamisha watu wengi vijijini na kuwafundisha wazazi wa mjini kuwaita watoto ndani mapema. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulizitesa Beni na Butembo, na mikusanyiko na kugusana vikawa vitu vya kuogopwa. Mtoto aliyekuwa na miaka sita yalipoanza mauaji alikuwa na kumi na mbili Ebola ilipotangazwa kwisha. Hiyo ndiyo miaka ambayo jicho lingekuwa likijifunza bega linasema nini. Wengi walipoteza mambo makubwa zaidi ya mpira, na hakuna anayefaa kuyalinganisha. Ila hasara hii nayo ipo, na haihesabiwi kwa kuwa inadhaniwa kwamba kipawa hungoja.

Ingeweza kuhesabiwa. Jaribio la Jones na Miles lilihitaji kamera ya filamu na maabara mwaka 1978. Sasa simu ya mwanafunzi inatosha. Mpigaji mmoja, penalti ishirini kila upande wa goli, picha ikatwe kabla mguu haujagusa mpira, na mtoto wa Mulekera na yule wa Kimemi waulizwe, kila mmoja peke yake, mpira utakwenda wapi.